Mrija wa Venance

Kaka yangu Venance alipoacha kunywa kwenye mtungi wangu, nilinuna wiki nzima. Sikununa kimyakimya kama watu wenye adabu zao. Niligonga sufuria, nilimfukuza mbuzi wake kwenye migomba yangu kwa maneno makali kuliko fimbo, na Venance mwenyewe alipopita uani na kunisalimia, nilimwitikia huku nikitazama upande wa pili.

Mgeni wa kijiji chetu cha Bukiriro anaweza kushangaa. Mtu akiacha pombe si jambo la kumpongeza? Basi nieleze. Mimi Melania ni mjane, na pombe ya ndizi, tunayoiita urwagwa, ndiyo iliyowavalisha watoto wangu sare za shule. Kwetu uani hainywewi kwa glasi, kila mtu na yake. Mtungi huwekwa katikati, mirija ikachomekwa, watu wakauzunguka na kuongea mambo yao. Mwenye pombe huonja kwanza, wote wakimwona, ndipo wengine wanainama. Maana yake kila mtu anaijua: humu hamna sumu. Sasa mtu aliyeinama na wenzake miaka yote, siku moja akachomoa mrija wake, akaufuta, akautia mfukoni, akaomba maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki alichokuja nacho kutoka kwake, huyo amesema neno kubwa bila kufungua mdomo. Amesema anamshuku mpikaji.

Na mpikaji ni mimi, dada yake wa tumbo moja.

Majirani nao hawakunisaidia. "Melania, umemfanya nini kaka yako?" aliuliza mmoja, na kwa jinsi alivyouliza nilijua jibu anataka liwe refu. Mwingine alisema labda tumegombania shamba la marehemu baba. Wateja wawili watatu wakaanza kuonja kwa ncha ya ulimi kana kwamba napika dawa ya kuulia panya. Hapo nikaona kununa hakutoshi. Nilijifunga kitenge nikaenda kwake mchana kweupe.

Nilimkuta amekaa kizingitini anapukuchua mahindi. Jua lilikuwa kali, lakini yeye kavaa suruali ndefu na soksi nene.

"Venance," nilisema hata kabla ya salamu, "kama unadhani nakuwekea kitu kwenye pombe, twende ukaseme mbele ya watu. Usinisemee kwa kikombe cha plastiki."

Aliinuka, akaniambia niingie ndani, akarudishia mlango. Nikajua sikuja kugombana tena, ila sikujua nimekuja kufanya nini.

Alipandisha suruali. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na kuanzia kifundo hadi gotini kulikuwa na mabaka meusi ya kuelekea zambarau, mengine yameinuka kama vinundu. Halafu akafungua mdomo na kuinua kichwa kuelekea dirishani ili nione. Juu, kwenye kaakaa, kulikuwa na baka lingine la rangi ileile.

"Mrija nimeutoa kwa ajili yenu," alisema. "Hiki kitu sikijui. Nisije nikawaambukiza wote mnaokaa pale."

Nilikaa kwenye gunia la mahindi. Wiki nzima nilikuwa nimemtukania mbuzi mtu aliyekuwa ananilinda. Nilitaka kulia, nikaona nikilia atafunika mguu na mazungumzo yataishia hapo.

Kwamba Venance anaishi na virusi, nyumbani tulijua tangu alipofiwa na mke. Alikuwa akichukua dawa zake kliniki ya Ngara mjini, anazimeza kwa saa yake, na alinenepa hadi tukamsahau kabisa kama mgonjwa. Baadaye akaenda Biharamulo kukodi shamba la mahindi, akakaa huko zaidi ya miaka miwili. Mimi nilidhani anachukua dawa za huko. Kumbe aliona aibu kuanza kujieleza upya mbele ya watu asiowajua. Alijiambia zikiisha atarudi Ngara kuchukua nyingine. Zikaisha, mvua zikawa nzuri, palizi ikambana, mwili haukumuuma popote. Akajiambia, nitaendelea mwezi ujao. Akawa anasema hivyo kila mwezi.

Jirani yake huko alikuwa Mashimba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Huyo ndiye wa kwanza kuuona mguu. Alikuwa na roho nzuri, akaleta ile dawa ya bluu ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, akampulizia mguu mzima kila alipotoka malishoni. Alipoona hakuna nafuu akamwambia, "Sasa nimejua wewe si ng'ombe. Nenda hospitali." Venance alinisimulia hayo huku akicheka, nami nikacheka hadi machozi yakapata njia ya kutoka. Alirudi nyumbani, lakini hospitali hakwenda, na baka la mdomoni lilipotokea ndipo akachomoa mrija.

Kesho yake tulipanda bodaboda hadi Ngara mjini, tukapanda kile kilima hadi kliniki. Muuguzi aliyetupokea anaitwa Kezia, binti ninayeweza kumzaa, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu iwapo atamgombeza kaka yangu. Hakumgombeza.

"Shikamoo baba," alisema. "Umepotea sana. Afadhali umerudi."

Alitazama mguu, akatazama mdomo, akamwita daktari. Walikata kinyama kidogo kwenye baka moja wakakipeleka kupimwa, na majibu yaliporudi tuliambiwa jina lake: saratani ya Kaposi. Kezia alitueleza polepole, kama mtu anayemenya ndizi. Kuna saratani ambazo mwili wenye kinga nzuri huzizuia, alisema. Kinga ikishuka sana, zinapata nafasi. Hii ni mojawapo, na ikishafika mdomoni na mguu ukavimba hivi, vidonge vya virusi peke yake havitoshi. Vidonge vitaamsha kinga, lakini anahitaji na dawa ya saratani ya kuingia kwa mshipa, na hiyo ataifuata hospitali ya rufaa Mwanza kila baada ya wiki tatu, duru sita.

"Inapona?" niliuliza.

"Wengi mabaka yanasinyaa, mguu unarudi, wanaendelea na maisha yao. Lakini si kwa kuruka duru. Na vidonge vile ni vya maisha." Akamgeukia Venance. "Na pombe uiweke kando, baba. Ini lako lina kazi ya kutosha."

"Na mrija?" aliuliza Venance. "Nimewaambukiza wangapi?"

Kezia alitabasamu kidogo. "Virusi vya Ukimwi havipiti kwenye mrija. Na saratani yako ni yako, haimhamii mwenzako. Kaa na watu wako."

Nilidhani kaka yangu atashusha pumzi. Hakushusha. Njiani kurudi aliniambia jambo nililolifikiria siku nyingi. Alisema virusi amevizoea, maana vilikuwa vinakaa ndani, yeye na kopo lake la vidonge, hakuna anayejua asiyepaswa kujua. Saratani imekuja kumtangaza. Imeandika mguuni, imeandika mdomoni, na dawa yake itamnyoa nywele ili hata mtoto wa jirani aulize. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu mwenye njaa, tukanunua maandazi. Lakini nilijua amesema kweli.

Alikwenda duru ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Basi la alfajiri lilimchukua Ngara, likapita Biharamulo anakokujua, likamfikisha Mwanza. Akirudi alikuwa analala mlangoni kwangu kwa sababu harufu ya jikoni ilimchefua, na mdomo ulichubuka hadi chumvi ikawa adui. Nywele zikatoka zote. Alivaa kofia ya sufu, akadai anasikia baridi. Lakini mguu ulianza kupungua! Mabaka yalipoa, yakawa bapa, lile la kwenye kaakaa likabaki kivuli. Nilikuwa namwambia afungue mdomo kila asubuhi kama ninayenunua ng'ombe mnadani, naye ananitukana kwa upendo.

Hapo ndipo posa ilipokuja.

Binti yake Tecla alikuwa amechumbiwa na Danstan, kijana wa Murukulazo anayeendesha bodaboda pale Ngara mjini. Mzee Privatus, baba yake Danstan, alituma mshenga kwamba wanakuja Jumamosi. Duru ya nne ilikuwa Jumanne inayofuata.

Posa kwetu haiishi kwa maneno. Baba wa binti na baba wa kijana huinamia mtungi mmoja, wao wawili tu, watu wote wakitazama. Wakinywa pamoja, jambo limekubalika. Baba wa binti asipokunywa, amekataa, hata kama alitabasamu tangu asubuhi. Na katika ukoo wetu kuna jambo lingine: baba akiwa amefariki, mrija wake hushikwa na shangazi wa binti. Nilishawahi kuushika, wa marehemu kaka yetu mkubwa, na siku hiyo pombe ilinimwagikia kifuani.

Nilimwambia Venance, "Tumwite Mzee Privatus kabla, tumweleze."

"Tumweleze nini? Kwamba binti anatoka kwenye nyumba yenye Ukimwi na saratani?"

"Tecla hana ugonjwa wowote."

"Mimi najua. Wewe unajua. Murukulazo nzima haijui." Alivua kofia akajikuna kipara. "Nitakunywa, Melania. Na Jumanne siendi. Nikienda nitarudi nimenyauka, wakwe wanapita hapa kila mara kupanga harusi, watauliza. Harusi ikiisha, nitaendelea."

Nitaendelea. Neno lilelile la Biharamulo. Pombe kidogo ya posa sikuiogopa sana, niliogopa kinachofuata. Akijificha Jumamosi, atalazimika kujificha Jumapili, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Hadi hapo kitu kile kingekuwa kimerudi mdomoni na kwenda kokote kinakotaka.

Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamtajia marehemu mama. Tecla naye alipiga magoti akamwambia, "Baba, mimi naweza kungoja." Akamjibu kwamba msichana hangoji, wachumba ndio wanaochoka. Alikuwa amekaza shingo. Mimi sikupika chakula siku hiyo, na pombe ya posa niliikamua nikiwa na hasira hadi nikajiuliza kama haitachacha vibaya.

Jumamosi walikuja wamependeza. Mzee Privatus ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la suti la zamani na maneno machache. Watu walikaa kwenye viti vya kuazima, salamu zikazunguka, shikamoo kwa marahaba, mshenga akasema maneno yake mazuri na marefu. Tecla alitolewa, akaulizwa kama anawafahamu wageni, akaitikia kwa sauti ambayo hata kuku hawakuisikia. Watu wakacheka. Kisha nikauleta mtungi, nikauweka katikati, nikaonja mbele yao, nikachomeka mirija miwili. Pombe ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, nasema bila aibu.

Mzee Privatus aliinama upande wake. Venance, na kofia yake ya sufu kwenye jua lile, akainama upande wake. Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona anafumba macho. Na sikupanga, nasema kweli, miguu ilinipeleka yenyewe. Niliunyakua mrija wa kaka yangu kabla haujagusa mdomo wake, nikaushika.

Bibi mmoja wa upande wetu alishika mdomo. Hata watoto walijua maana yake: shangazi ameshika mrija, basi baba hayupo.

Mzee Privatus aliinuka taratibu. Alinitazama mimi, akamtazama Venance aliyekuwa bado ameinama.

"Shangazi," alisema, "mwenye nyumba hii amekufa?"

Nilitaka kusema, bado, lakini nisaidieni. Nilitaka kusema kwamba nina kaka mmoja tu aliyebaki. Niliushika mrija ule kwa mikono miwili.

Venance alinyanyua kichwa. Nilidhani atanipiga. Alinitazama, na sijui aliona nini usoni kwangu, maana hasira ilimtoka nikiiona. Akaivua kofia, akaiweka gotini. Kichwa chake kiling'aa mbele ya wakwe.

"Sijafa," alisema. "Ila naumwa. Nina virusi vya Ukimwi siku nyingi. Niliacha dawa kwa ujinga wangu, nikapata saratani. Natibiwa Mwanza, na Jumanne natakiwa niende. Daktari amenikataza pombe. Nilikuwa ninywe ili msijue, halafu nisiende." Akameza mate kwa shida kwa sababu ya ule mdomo. "Binti yangu ni mzima. Sasa mnajua. Mkitaka kuondoka, pombe muibebe, dada yangu ameipika vizuri."

Danstan aliyekuwa amekaa nyuma alifungua mdomo, lakini baba yake akamnyamazisha kwa kidole. Mzee Privatus alikaa. Akautazama mtungi. Mshenga alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayetafuta la kusema.

"Mimi nimetoka Murukulazo kuja kunywa na Venance," alisema Mzee Privatus mwishowe. "Pombe naipata popote. Anaruhusiwa kunywa nini?"

Ilibidi nijibu mimi. "Maji," nilisema. "Yaliyochemshwa."

"Basi leteni hayo."

Mtungi wangu, pombe yangu bora ya maisha yangu yote, ukasogezwa pembeni kama kiti kibovu. Nilikimbia ndani nikachukua mtungi mdogo mpya na chupa ya chai iliyokuwa na maji ya Venance ya asubuhi, nikayamimina mbele ya watu. Nikachomeka mrija wa mgeni. Mrija wa kaka yangu nilikuwa bado nimeung'ang'ania, vidole havitaki kufunguka.

"Shangazi," alisema Mzee Privatus, "mrudishie mwenyewe mrija wake. Tumesikia hajafa."

Nikaurudisha. Wazee wale wawili wakainama. Maji yalikuwa bado ya moto, Mzee Privatus akaunguza ulimi, akaruka nyuma akishika mdomo. "Kali hii pombe yenu!" alisema, na uani kote kukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Tecla alikuwa analia, Danstan anamtazama asijue kama anaruhusiwa kumsogelea. Venance aliendelea kunywa. Aliyanywa maji yale yote, polepole, kichwa chini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sitasema kwamba Murukulazo nzima ilinyamaza. Wapo waliosema, na shangazi mmoja wa Danstan hajaja tena kwetu mpaka leo. Na duru zilizobaki hazikuwa rahisi. Sijui bado hesabu ya mwisho ya ugonjwa ule itakuwaje, Kezia mwenyewe husema tutaangalia. Lakini Jumanne ile, kabla ya jua, Danstan alikuja na pikipiki yake kumchukua mkwe wake hadi stendi ya Ngara.

Nilimfungia Venance uji kwenye chupa. Kisha nikachomeka mrija kwenye mfuko wa shati lake, kwa sababu dawa ile humchubua mdomo na uji unapita vizuri kwa mrija. Aliuchomoa akaugeuzageuza kwenye taa ya pikipiki.

"Huu ni wako au wangu?" aliuliza.

"Ni wako," nilisema. "Nimechoka kukushikia."